Kicheko Kilichotoka Edani

Mikindani, Mombasa
Jumatano, baada ya kazi

Mama yangu,

Shikamoo. Ningekuwa hapo ningekubusu mkono, nawe ungeniitikia marahaba kabla sijavua viatu. Huku naitoa peke yangu na kujiitikia moyoni. Goti linasemaje? Yale mafuta ya habasoda niliyomtumia Abdalla yalikufikia, au yaliishia njiani kama yale ya kwanza? Je, usingizi unakuja? Nilipoondoka ulikuwa ukiamka kabla ya alfajiri, ukikaa kitako kitandani ukimngoja Baba aitishe maji ya kutilia udhu, kisha ukikumbuka. Sijui kama hilo limepungua. Mimi limenianza huku.

Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Kazi ya ukarani pale yadini Changamwe ni ile ile. Makontena yanaingia, makontena yanatoka, na hakuna linalopita getini mpaka nimeiona karatasi yake ya ruhusa na kuigonga muhuri. Wenye malori hunitukana nikichelewa. Siku hizi sitetemeki tena wakinitukana, natetemeka wakishaondoka. Chumba changu kiko pale pale, juu ya duka la Bwana Shee, na barabara ya Nairobi inapita chini ya dirisha, hata kikombe mezani hutembea chenyewe. Nazi za huku hukunwa kwa mashine. Tui lake ni jepesi, wali hautoi ile harufu ya kuwaita majirani. Juzi nilipika nikala vijiko vitatu, nikafunika sufuria.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako ikilia mwanao Abdalla huiweka kwenye spika ili nyumba nzima isikie, na Ami Bakari hukosekana nadra barazani. Haya ninayoyaandika ni yako kwanza. Bi Saumu ameshamaliza kutibiwa macho na kesho anarudi Kipini. Nimemwomba akupe barua hii mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Unakikumbuka kile kipindi changu cha kwenye simu, ambacho huku hukiita podikasti? Nilikwambia ni kama redio ndogo isiyo na saa zake: mtu hufungua atakapo, akasikiliza huku akipika au akisafiri. Nilikianza mwaka jana pamoja na Mutua, kijana wa Machakos niliyeajiriwa naye siku moja. Mimi huzungumza na watu juu ya nyumba walizoziacha, yeye huzinyoosha sauti na kukata vikohozi. Wasikilizaji wetu hawakuzidi watu wa arusi ya chuoni. Kwa uchache huo nikazoea kusema ovyo, kama mtu anayeongea uani kwao.

Sasa wiki mbili zilizopita tulipata ujumbe kutoka kwa mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke anayesikizwa pwani yote na bara. Alisema amekisikiliza kipindi chetu, na Jumamosi hii asubuhi atakitaja hewani na kupiga dakika mbili zake. Mutua aliruka mpaka akaangusha kalamu zangu.

"Zuu, hii kitu italipuka! Ikifika Jumamosi jioni watu watakuwa maelfu. Lazima tujipange."

"Tujipange vipi? Si watasikiliza tu?"

"Ukiskia wageni wanakuja, unafagia wapi?"

"Sebuleni."

"Hapo ndio mnaangukanga. Hao wageni wa simu hawakai sebuleni. Wakipenda kimoja, wanarudi nyuma mpaka cha kwanza. Watafungua mpaka stoo."

Basi tukaanza kufagia. Mutua alitafuta picha mpya ya kipindi, akarekodi upya utangulizi, akaondoa mlio wa feni uliokuwa ukivuma katika vipindi vya mwanzo. Mimi nikafanya ninalolijua. Nilichora jedwali kama la yadini, kila kipindi na mstari wake: nani anazungumza, ametaja jina la nani, amesema jambo la kumdhuru mtu. Safu ya mwisho nikaipa kichwa cha "Ruhusa". Nikakaa siku tatu nikivisikiliza vipindi vyote ishirini na viwili kwa masikio ya mtu asiyenijua wala kunipenda. Nilipomaliza, safu ya ruhusa ilikuwa imejaa chini hadi juu, ila mstari mmoja. Kipindi cha kumi na nane. Anayezungumza humo ni wewe.

Mama, nikuambie nilivyofanya, bila kujitetea.

Zile wiki tatu nilizokaa nawe chumbani, wewe umevaa nyeupe na kanga imetundikwa mlangoni, nilikuwa nikiiwasha simu na kuilaza chini ya mto. Nilijua likizo itakwisha na nilitaka kuondoka na sauti yako. Hilo la kwanza sioni kosa lake kubwa. Siku ile Bi Khadija alipokuja kukupaka mafuta ya goti, ukatusimulia juu ya fungate yenu. Namna Baba alivyoona haya kuongeza chakula ukweni, akajifanya anakwenda msikitini, akaenda kununua vitumbua nyumba ya tatu, asijue kuwa mwenye kupika ni shangazi yako. Shangazi akamjazia sahani, akaifunika kawa, akamwambia, "Mpelekee mwanangu, umwambie mumewe hashibi." Naye akairudisha sahani ile mwenyewe, ameinamisha kichwa, akakukabidhi na ujumbe wake neno kwa neno. Hapo ulicheka. Ulicheka mpaka Bi Khadija akaanguka ubavu, mpaka ukajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha ukanyamaza ukasema, "Astaghfirullahi, nami niko edani."

Nilirudi Mikindani na kicheko kile. Mwezi wa kwanza kilikuwa changu. Mwezi wa pili upweke ulinizidi, nikataka mtu mwingine asikie, aniambie kwamba naye kwao kuna mama wa namna hii. Nikakitia kwenye kipindi. Nilikata jina lako, la Baba na la Kipini. Nikakata pia yale maneno yako ya mwisho, kwamba uko edani. Kukata huko ndiko kunakonishitaki. Mtu asiyejua kosa lake hafichi kitu.

Nilipomwonyesha Mutua ule mstari mtupu, hakuelewa. Kwao mjane hakai eda. Nikamweleza kuwa miezi minne na siku kumi mwanamke hutulia ndani, hajipambi, wala hazungumzi na wanaume wasio wa nyumbani mwake, na kwamba kwa watu wa kwetu hata sauti yake huwekwa ndani pamoja naye.

"Lakini hakuna mtu anajua ni yeye," akasema. "Jina umetoa."

Nami nikashika neno hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Jina nimetoa. Nikalala nalo siku mbili.

Siku ya tatu nilishuka dukani kununua mkate. Bwana Shee alikuwa ameegemeza simu yake kwenye mtungi wa peremende, anasikiliza huku anapima sukari. Ilikuwa sauti yako.

"Zuhura, njoo usikize. Nimetumiwa na shemeji yangu wa Bombolulu. Huyu si Bi Maryamu wa Kipini huyu?"

"Bi Maryamu yupi?" nikasema, na Mungu anisamehe.

"Aa, binti, usinifanye mtoto. Mimi nimekaa Kipini miaka mitatu nikiuza vyombo. Kicheko hiki huanza chini, kama mtu anayetafuta kitu mvunguni, kisha akakipata. Hakuna wa pili pwani hii! Nawe kumbe ni wa kwao? Haya, Mwalimu hajambo? Bado ana chuo chake cha Kurani?"

Nikamwambia Mwalimu alikuwa babangu, na kwamba ametutoka.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

Nikamwambia lini. Nilimwona akihesabu, Mama. Vidole vilikuwa juu ya meza ya duka, vikatembea kimoja kimoja. Kisha akanyoosha mkono akaizima simu.

"Mkate wako huu, mwanangu," akasema. Tangu siku ile nikipita, yeye hukitazama kitabu chake cha duka mpaka nimalize ngazi.

Huyo ni mtu mwema anayekuheshimu. Nikawaza wasio wema. Nikawaza Jumamosi, maelfu hao, na mmoja tu kati yao akiipeleka sauti yako Kipini. Nikamsikia Ami Bakari barazani akiambiwa kwamba kaburi la ndugu yake halijakauka na mjane anacheka redioni. Wewe ndiye utakayekaa katika nyumba ile baada ya hapo, si mimi wala Mutua.

Jumatatu saa ya chakula tulijifungia ofisini, tukajaribu njia ya Mutua.

"Tutoe kicheko tu," akasema. "Hadithi ibaki. Hakuna mtu atamjua kwa kuongea peke yake."

Akakata. Alifanya kwa ustadi, huwezi kuona kiungo. Tukasikiliza. Baba akatoka kwenda kwenye msikiti wake wa uongo, shangazi akafunika sahani, Baba akarudi ameinama, halafu sauti yako ikaenda moja kwa moja kwenye jambo jingine. Mama, mtu yule sikumjua. Alikuwa mjane anayesimulia mambo yaliyokwisha. Ilikuwa kana kwamba nimekufungia eda ya pili, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na hii haina mwisho wa siku. Nikaanza kulia mbele ya Mutua, jambo ambalo sikulifanya hata siku nilipokosea hesabu ya makontena.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nimerudisha. Zuu, pole. Lakini niambie ukweli, sasa tunafanyaje? Kwa sababu hiyo kicheko ndio inabeba kila kitu."

"Hicho kicheko, Mutua."

"Hicho, hicho. Nyinyi Waswahili hata mkilia mnasahihisha watu."

Nilicheka kidogo, kisha nikakiondoa kipindi cha kumi na nane chote. Ilikuwa kubonyeza mara mbili tu. Walionacho kwenye simu zao siwezi kuwanyang'anya, kama siwezi kumnyang'anya shemeji ya Bwana Shee, na hilo ndilo linaloniamsha. Lakini wageni wa Jumamosi hawatakikuta.

Ndipo ikabaki kumwandikia mtangazaji, kwa kuwa kipande alichotaka kukipiga hewani ni hicho hicho. Niliandika nikafuta mara nne. Nikamwambia mwenye sauti hakuulizwa, na kwamba zimebaki siku kumi na tisa atoke eda. Je, hawezi kungoja? Alijibu kwa upole: "Pole sana, dada. Ratiba yangu imepangwa, ni Jumamosi hii au basi. Nitumie kingine. Ila nitakuwa mkweli kwako, ni mama yule aliyenifanya nikutafute." Nikamtumia cha fundi mmoja wa Bombolulu anayesimulia nyumba ya babake milimani Taita. Ni kizuri. Mutua anasema watu watakuja, watasikiliza, watasema ni kizuri, na wataondoka.

Sitakuficha nilichokuwa nikikitumaini. Nilipiga hesabu kwamba kipindi kikishika, naweza kukifanya popote penye mtandao, hata pale kwetu karibu na skuli, na nisihitaji tena yadi wala chumba hiki. Nilikuwa nimeshapanga mpaka mahali pa kuweka meza: kwenye ule ukumbi mdogo, ili nikusikie ukiwa jikoni. Tamaa ya kurudi nyumbani ndiyo iliyonifanya nikuuze bila kukuuliza. Naomba radhi yako, Mama. Kama jambo limeshafika masikioni mwa Ami Bakari, mwambie ni mimi, na kwamba nitakuja kulijibu mwenyewe mbele yake.

Na kama halijafika, na wewe mwenyewe huoni ubaya wa watu kujua Baba alikuwa mtu wa kuona haya na wewe ukampenda hivyo, basi utaniambia ukishatoka. Tutakirudisha na maneno yako yote, pamoja na yale niliyoyakata. Ukisema hapana, yamekwisha, na sitakuuliza mara ya pili. Nimeomba ruhusa kazini nije nikuogeshe siku utakayotoka eda na kukufungulia sanduku la nguo. Msimamizi bado hajanijibu, nami namwogopa, lakini kesho nitamuuliza tena.

Nisalimie Abdalla, ndugu yangu mshika simu, na mkewe anayekupikia. Mpe Ami Bakari shikamoo yangu ya heshima, yeye aliyesimamia mazishi ya Baba mpaka koleo la mwisho. Kwa Bi Khadija, anayekukanda goti, peleka salamu na samahani, kwa kuwa kicheko chake pia kimo mle ndani na hakuulizwa. Wanafunzi wa Baba wanaokuja kukusomea dua, waambie nawataja kila mmoja.

Nimebakiza nakala moja, kwenye simu yangu, haimfikii mtu. Huisikiliza nikirudi kutoka kazini, kabla sijawasha taa wala jiko. Hiyo nayo ukitaka niifute nitaifuta, wallahi, kwa kuwa ni yako. Lakini nakusihi, likiwa hilo ndilo neno lako, usimtume Bi Saumu nalo wala usimpe Abdalla aniandikie. Ningoje mpaka nije nikae miguuni pako, uniambie kwa kinywa chako.

Mwanao anayetaka radhi,
Zuhura