Tanuri la Kaka Limevuta Tena

Ndugu yangu, nimechoka moyo.

Shemeji aliniita, tanuri la mkate la kaka linarudisha moshi ndani. Nikakagua bomba la moshi, safi. Kumbe tundu la hewa ukutani limezibwa kwa magunia. Kaka mwenyewe ndiye aliyeziba, eti anasikia baridi.

Unajua majina yanampotea. Langu halijawahi kumpotea.

Nikachomoa magunia. Moto ukasimama wima, moshi ukashika njia yake.

Akanitazama. "Fundi, kazi safi. Nani alikufundisha?"

Nani alikufundisha. Ananiuliza mimi, wa tumbo moja naye, niliyemshikia spana akitengeneza matanuri tangu nilipoacha shule.

Nikamwambia, "Kaka yangu."

Akacheka. "Huyo anaijua kazi. Mpe salamu zangu."

Nikasema zitafika.