Viatu Juu ya Madhabahu ya Kyuso

Jumamosi, 14 Juni

Na bado Susu, nyanya yangu, akanishukuru! Akanishika mkono, akanishukuru.

Jumatatu anapasuliwa tumbo, na anaogopa. Aliniomba kitu kimoja tu: niende Kyuso, kwenye magofu ya kanisa la wale watawa wa Ayalandi, pale alipobatizwa, nimwombee. Nikajigamba, "Susu, mimi nikiomba, hata malaika wanaacha kazi!"

Rafiki yangu Abdi, muuza mbuzi, alinipeleka na pikipiki yake. Kanisa halina paa, kuta zimebaki nusu. Si nikapanda madhabahu na viatu vyangu, nikaanza kuigiza padri kwa sauti ya puani, simu ikirekodi. Na nilikuwa moto, lazima niseme.

Abdi alikuwa mlangoni, anavua viatu.

"Wewe, huu si msikiti!" nikamtania. "Utadungwa na miiba."

"Kwani hapa watu hawakuomba?" akasema. Halafu akauliza, "Nyanyako anaitwa nani?"

"Kalekye."

Akainua mikono, akamwombea Susu kwa jina lake. Mimi bado niko juu kule, na viatu vyangu. Hata amina ilinishinda. Nikashuka, nikasema twende.

Jioni Susu akaniuliza, "Uliniombea?"

"Uliombewa, Susu."

Video nimeifuta. Nimevua viatu hapa kando ya kitanda, nijaribu sasa. Mimi, na mdomo huu wote, sijui naanzia wapi.