Skrubu ya Shaba

Jumatatu, 5 Aprili 1954. Dar es Salaam

Chai imetoka saa kumi na mbili, maharage saa sita. Kupika kama kawaida, ila safari hii ndiyo ya mwisho. Tukifika Mombasa manowari yetu inakwenda kukatwakatwa, iuzwe chuma. Miaka kumi na moja nimepika humu. Wakati wa vita tulisafisha mabomu baharini, mimi nakoroga uji nikisubiri tulipuke. Ajabu, siku zile ndizo ninazozitamani. Tulikuwa vijana. Faki, mchochea moto wa meli, akiimba kule chini kwenye makaa mpaka Wazungu wanapiga makofi.

Jumanne, 6 Aprili

Leo nimefanya utoto. Dirisha la duara la jikoni hufungwa kwa skrubu mbili za shaba. Nimefungua moja, nimeificha sandukuni. Kila baharia anachukua kumbukumbu yake. Nitaiweka kabatini nyumbani Usagara, Tanga, niitazame nikizeeka. Iliyobaki inatosha.

Faki kaja kuchukua chai ya wenzake. Ana furaha, anarudi Pemba kupanda mikarafuu. Tumekumbushana ile Idi tuliyokula biskuti za jeshi tukaziita kaimati. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 7 Aprili

Tumeng'oa nanga alfajiri. Baada ya adhuhuri, mkabala wa Pangani, dhoruba. Hata vitani sikuona kama hii. Sufuria zote chini. Meli inalala ubavu, haitaki kuinuka. Wimbi likapiga dirisha. Skrubu moja haikutosha. Maji yakamiminika jikoni, yakateremka ngazi kwenda kwenye makaa. Moto ukizimika tumekwisha. Faki alikuwa mlangoni na birika. Akaruka, akalisukuma dirisha kwa mkono wa kulia. Likaja wimbi la pili, dirisha likambana vidole.

Alipiga ukelele mmoja tu. Nikaziba kwa godoro na meza. Moto haukuzimika.

Sote tu hai. Mimi ni mwizi.

Alhamisi, 8 Aprili. Tanga

Tumejikongoja hadi bandarini asubuhi. Bahari shwari, utadhani si ile ya jana. Zamani tukiiona rasi ya Raskazone tulivua kofia na kupiga vigelegele. Leo hakuna aliyevua. Faki kapelekwa hospitali. Vidole vitatu vimekatwa. Mke wangu kapika wali wa nazi na samaki changu, nimesukuma sahani. Majirani wananipa pole. Naona haya.

Ijumaa, 9 Aprili

Baada ya sala nimekwenda kumwona. Nimemwambia yote, sikupunguza. Akageukia ukutani. Nikajua urafiki umekwisha. Kisha akaniomba nimwandikie mama yake barua.

"Mwambie ni bahari. Usimtaje mtu. Yule mama anakuombea dua kila Ijumaa, anakutaja kwa jina lako."

Nililia mbele ya wagonjwa. Hakuninyamazisha.

Nikaandika alivyosema. Mwisho nikamtilia sahihi yake mwenyewe, maana hawezi tena kushika kalamu.