Soksi za Ngazi

Chumba cha cherehani,
Juu ya duka la vitambaa,
Nyumbani.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Madoa,

Hujambo, na kazi haijambo? Wifi yangu je, mgongo umeacha kumsumbua? Na mtoto, meno yameshachomoza au bado anawachekea kwa ufizi? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba, naye usishtuke: anakula, analalamika, na jana kanigombeza kwa ajili ya chumvi, kwa hiyo yu hai kabisa.

Kabla sijakueleza, nifanyie jambo moja. Ile picha uliyotutumia, umesimama na ndoo ya rangi mbele ya jengo refu, nimeitazama vizuri. Ngazi yako imevaa soksi za bluu miguuni. Nenda ukazivue, kisha urudi usome. Najua wewe ni mbishi, utataka sababu kwanza, lakini mara moja tu maishani mwako nisikilize bila kubisha.

Baba alianguka.

Ilikuwa kwenye nyumba mpya ya yule mama anayeuza miwani. Unamjua Baba: yeye haingii nyumba ya mtu na viatu, na ngazi yake haiingii miguu mitupu. Sebule yote ni vigae vinavyong'aa, unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Alikuwa amebakiza kupaka rangi kona moja karibu na dari. Badala ya kushuka aisogeze ngazi, akajinyoosha, kama anavyojinyoosha siku zote, na kama unavyojinyoosha wewe, usinikatalie. Miguu ya ngazi ikateleza taratibu kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuaga. Mwenye nyumba anasema hakusikia chochote mpaka Baba alipofika chini.

Amevunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, na mbavu zimechubuka. Daktari anasema mfupa utaunga vizuri. Kichwa kilipita karibu na ncha ya meza ya kioo. Nilikwenda kuchukua vifaa vyake nikaiona ile meza, nikakaa pale pale sakafuni nikalia, na yule mama wa watu akaacha kuniuliza kazi itaisha lini akaniletea maji.

Sasa sikia vituko. Nafika hospitalini, nangoja aniulize mkono utapona lini. Ananitolea macho na kuuliza, “Soksi ziko wapi?”

Wewe ulikuwa mdogo zilipoanza. Mteja mmoja alimfokea Baba kwa mkwaruzo wa ngazi kwenye sakafu, akarudi nyumbani amenuna, chakula hakikupita. Mama alichukua sindano zake na mabaki ya sufu akafuma soksi mbili nene, akaivalisha ngazi kama mtoto anayepelekwa shule. Mafundi wenzake walimcheka, wateja wakampenda. Enzi zile sakafu zilikuwa za saruji iliyoparuza, soksi ilishika. Siku hizi kila nyumba vigae, na Mama hayupo wa kuliona hilo.

Nilimwambia Baba soksi zitoke. Akaja juu! “Unataka kumtoa mama yako ndani ya kazi yangu?” Shangazi akajaribu kwa upole wake, Baba akatia pamba masikioni. Fundi viatu hapa chini akakata soli mbili kutoka kwenye tairi kuukuu, zenye meno ya kung'ata sakafu. Baba alizitazama kama mtu anayeletewa mkwe asiyemtaka. Alikuwa ameshaapa kwamba plasta ikitolewa tu anarudi kazini, na anarudi na ngazi yake ilivyo.

Hapo maji yalinifika shingoni. Nikamwambia, “Baba, Mama alizifuma hizi ili usigombezwe na watu. Hakuzifuma ili mimi nikuzike.” Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona mkono wa gauni nje ndani, nikaufumua.

Leo asubuhi nimemkuta uani, ameketi chini kando ya ngazi, anavuta soksi kwa mkono wa kushoto na meno. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza kwa bega. Alipozitoa zote mbili alizikung'uta vumbi, akazishika kidogo mapajani. Kisha akaburura makalio mpaka upande wa pili, kule juu kunakoegemea ukuta, akaanza kuzivalisha huko.

“Ukuta wa mtu nao unakwaruzika,” akasema. Kisha, bila kunitazama: “Mama yako atashika juu. Wewe utashika chini.”

Nilimkumbatia, mbavu zikamuuma, akanifokea. Soli za tairi fundi viatu amezipigilia mchana huu huu, kabla mzee hajabadili mawazo. Na mapatano tumeyaweka: pakiwa juu, hapandi mpaka mimi nimefika. Kona ikiwa mbali, anashuka, tunaisogeza ngazi, anapanda upya. Nikiona kitovu chake kimetoka nje ya ngazi napiga kelele mtaa mzima usikie. Ameguna, lakini amekubali.

Madoa, nakujua. Hizo za bluu ndizo za mwisho alizofuma Mama, alikutumia mwenyewe, na hukupata nafasi ya kuja kumzika. Najua kwa nini hutaki kuzivua. Sikwambii uzifungie kabatini. Zipandishe juu. Chini tafuta viatu vya mpira, na tafuta mtu wa kukushikia ngazi. Huna dada huko wa kumsumbua, basi msumbue mwenzako wa kazini, hata kama atakuona mwoga. Nakupenda sana, na sitaki kupigiwa simu na mtu nisiyemjua.

Shangazi anakusalimu na anasema unakonda pichani. Fundi viatu anauliza kama huko unakotembea viatu vinadumu. Mkumbatie wifi, mbusu mtoto kwenye ule ufizi. Mungu akulinde unapopanda, na akulinde zaidi unapojinyoosha.

Wako akupendaye na akufokeaye,

Dada yako.

Baba alikuwa anachungulia begani kwangu. Anataka kalamu. Usiucheke mwandiko, ni mkono wa kushoto:

*Mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha. Zivue. Baba.*