Wingu la Pugu

Jumanne, baada ya Isha.

Hasira bado ninayo, ila sasa sijui namkasirikia nani. Mama Rehema, jirani yetu hapa Kimara, kaja studio kununua picha ya ukutani. Kati ya picha zangu zote za mawingu alichagua lile wingu la Pugu, zito, la kijivu, lenye mwanga mwembamba chini yake. Nikasema leo nimepata mtu anayeona.

Kisha akatoa picha ndogo ya marehemu mumewe. "Mwanangu, niwekee baba Rehema hapo katikati. Anga lako zuri, ila tupu."

Nilitaka kukataa. Miaka yote nawaambia watu anga si pazia la studio, ni picha yenyewe. Lakini mtu ninayempa shikamoo nitamjibuje? Nikamweka. Akangoja mpaka ikatoka, akalia kidogo, akaondoka ameikumbatia.

Wingu lile nililipiga huko Pugu, shambani kwa baba yangu, wiki yake ya mwisho duniani. Alikuwa kwenye kigoda, pembeni yangu. Akasema, "Nipige na mie basi." Nikamwambia asubiri, mwanga unaondoka.

Picha yake sina hata moja.