Nilimwambia Daktari wa Sindano Sisikii Kitu

Mpendwa Shangazi Ruan,

Naomba unisaidie, na ukitaka kucheka, cheka, lakini nijibu kabla ya sikukuu ya kusafisha makaburi, kwa sababu siku hiyo ndiyo mwanangu ataamua nani amlee Tuantuan, mjukuu wangu wa miezi minane. Bega langu la kulia limekakamaa tangu majira ya baridi, mkono haupandi kupita kifua, na mwanangu amesema, kwa adabu zake zote, "Mama, ukipona utaendelea na mtoto, usipopona tutamwachia mama mkwe." Mama mkwe huyo ni Bibi Tang, mama yake mkamwana wangu, ambaye amekuja hapa Shaoxing kwa ajili ya magoti yake, na sote wawili tunachomwa zile sindano za tiba ya Kichina, zisizo na dawa ndani, kwa Daktari Miao, vitanda vyetu vikitenganishwa na pazia ambalo hakuna anayelivuta.

Jumanne tarehe 12 Machi, siku yangu ya kwanza, nilijiandaa vizuri: nilisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukawa mwekundu, maana nilijua madaktari hawa husoma ugonjwa kwenye ulimi, nikajipaka rangi kidogo mashavuni, na sikula chochote, tumbo lisije likanguruma mbele za watu. Daktari akautazama ulimi, akakunja uso, akauliza, "Bibi, umekula nini?" Nikasema uji wa mchele na yai. Bibi Tang alikuwa ameshachomwa, nikamsikia anasema, "Mimi sisikii kitu, ongeza tu!" Basi zamu yangu ikafika, daktari akazungusha sindano moja na kuuliza, "Umesikia?" na ukweli ni kwamba nilisikia uzito wa ajabu, kama mtu ananikandamiza kwa kidole gumba, ukashuka mpaka kwenye kiwiko, lakini, nisionekane dhaifu kuliko Bibi Tang, nikasema, "Hata kidogo," akaisogeza, akauliza tena, nikakana tena, halafu dari ikaanza kuzunguka, jasho baridi likanitoka, na nilipozinduka sindano zimeshatolewa, miguu imewekwa juu ya mto, na Bibi Tang ananinywesha maji ya sukari akisema, "Dada Peizhen, si ungepiga kelele tu kama watu wengine?"

Sasa naogopa. Sindano zimegusa kitu kibaya ndani yangu? Nirudi? Na nikisema ninavyoumwa, si nitakuwa nimemkabidhi Bibi Tang mtoto kwa mikono yangu mwenyewe?

Sheng Peizhen

Dada Peizhen,

Nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu. Umejipamba kwa daktari kama mtu anayekwenda kupiga picha! Ulimi ndio alitaka kuusoma, nawe umeufuta. Mashavu umeyapaka rangi. Tumbo tupu umelipa jina la uji na yai. Hakuna kibaya kilichoguswa. Ulikuwa na njaa na hofu, ukazirai. Na ule uzito ulioshuka kwenye kiwiko ndio hasa daktari alikuwa anautafuta. Ulipoukana akaendelea kuutafuta, kosa la nani?

Rudi. Kula uji wa kweli, ulimi uache ulivyo, vaa nguo ya mikono mipana. Sindano hizo ni nyembamba kama unywele, na pakiti mpya ifunguliwe ukiiona. Utasikia kama mbu ameuma, kisha uzito, ganzi au joto. Ukisikia maumivu makali au kizunguzungu, sema papo hapo. Mtajie dawa unazokunywa, hasa za kuzuia damu kuganda. Ukitoka huenda ukawa na usingizi, au alama ndogo ya bluu. Ila usitegemee mkono upande wiki hii. Bega la namna hiyo huchukua miezi, na usipoona badiliko nenda hospitali likapigwe picha.

Kuhusu Tuantuan sikubembelezi. Unataka kumficha mwanao kwamba mkono unaombeba mtoto bado haupandi? Mwambie leo, mkiwa mezani.

Halafu fikiria kitanda cha pili. Mwanamke asafiri kwa ajili ya magoti, kisha asisikie kitu? Anasikia sana, dada. Anakuogopa kama unavyomwogopa. Lakini ulipozirai, aliteremka kitandani na magoti yale yale akakuletea maji ya sukari. Mwombe mlee pamoja. Wewe unaweza kuchuchumaa ukamkusanya mtoto kwa mkono mzima, yeye ana mabega ya kumpokea na kumnyanyua.

Mwambie kabla daktari hajafungua pakiti. Na akijibu kwamba magoti yake hayana shida yoyote, mwambie achuchumae.

Shangazi Ruan