Makazi Si Kazi

Nyumbani,
Jumapili jioni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hata kabla sijakujulia hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa mwanajiografia kama wewe. Hapa wote wameshanipangia ukutubi, nikatunze vitabu maktabani, eti kwa sababu sisemi. Haya, mgongo umepoa? Baridi ya huko imepungua? Sisi hatujambo, ila mimi nimechoshwa.

Makala yako kuhusu ufeministi katika jiografia nimeisoma yote. Kuna mahali nilipotea, lakini hili nililishika: kwamba kwa miaka mingi wanajiografia walichora safari ya mwanamume kutoka nyumbani kwenda kazini, wakaiita safari ya watu, mpaka wanawake wa fani hiyohiyo walipouliza kazi za ndani ya nyumba zimechorwa wapi. Nilipofika hapo nikainua macho nikamwona wifi yako kwenye cherehani, sebule imejaa vitambaa hadi hakuna pa kukanyaga.

Basi mwalimu wetu wa jiografia akatuagiza tuchore ramani ya shughuli za mtaa. Sehemu za kazi nyekundu, makazi kijivu. Watakaofanya vizuri wataingia klabu ya upimaji ardhi, nami sitaki kitu kingine shuleni pale. Nikaipaka nyumba yetu nyekundu, na ya jirani anayelea watoto wa watu, na ya bibi anayemuuguza mumewe.

Mwalimu akaiinua darasa zima lione. "Bi Kimya, mtaa wenu unaungua?"

Wakacheka. Nikanong'ona kwamba ndani ya makazi kuna kazi, hata neno lenyewe linasema.

"Neno linasema kukaa," akanijibu. "Makazi, kutoka kukaa. Mama yako anakaa nyumbani. Kachore upya."

Shangazi, nimefungua kamusi. Yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Lakini suruali aliyokuwa amevaa ilipunguzwa sebuleni kwetu, na mimi ndiye niliyemfungia kwenye gazeti. Labda anadhani ilijipunguza yenyewe.

Nyumbani nako sikupata pa kuegemea. Kaka yako alisema mwalimu ni mwalimu, akarudi kwenye redio. Wifi yako, pini zikiwa mdomoni, akasema, "Paka hicho kijivu, mwanangu, upate maksi. Kwani ramani itaninunulia uzi?" Namtetea mtu, naye ndiye anayenivuta shati.

Nilichora upya. Nyumba zote nikazipaka kijivu kama alivyotaka, kisha zile tatu nikazipitishia mistari myekundu, na kwenye ufunguo wa ramani nikaandika: "Makazi yenye kazi." Ijumaa mwalimu aliitazama. Akasema alama hiyo haimo kitabuni. Niifute, la sivyo klabu niisahau. Nilisema sitaifuta. Sauti ilisikika hadi viti vya nyuma, maana safari hii hakuna aliyecheka. Jina langu halikusomwa kwenye orodha.

Wasalimie mapacha na baba yao. Mungu akuzidishie afya, na wanafunzi wako wakupe raha kuliko mwalimu wangu anavyonipa mimi.

Nilimwomba mwalimu anirudishie ramani. Nimeikunja humu ndani ya bahasha. Nimekuachia nafasi pembeni, uisahihishe kama ya mwanafunzi wako, bila kunihurumia.

Ni mimi binti ya kaka yako, nikupendaye sana,
Bi Kimya